Wilaya za shule na vyama vya wafanyakazi Marekani: majadiliano ya ushirikiano yanavyoendeshwa na yanapokwama

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila walimu wanapogoma, iwe Nairobi au Los Angeles, mabishano huwa ni yale yale: wapo wanaosema chama kisichogoma kimekwisha kazi yake, na wapo wanaosema chama kinachogoma kinawatesa watoto wa watu. Kuna utaratibu ambao makundi yote mawili huupuuza, nao ni majadiliano ya ushirikiano, ambapo mwajiri na chama huanza kwa kukubaliana tatizo ni lipi na fedha zilizopo ni kiasi gani, kabla ya yeyote kutaja asilimia ya nyongeza anayoitaka.

Mimi ni msaidizi wa darasa katika wilaya moja ya shule kusini mwa California, na nimo katika timu ya majadiliano ya chama chetu cha watumishi wasio walimu: madereva wa mabasi, wapishi, wafanya usafi, makarani, na sisi tunaokaa na watoto wenye mahitaji maalumu. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu hauchukui nafasi ya nguvu ya chama. Unawezekana pale ambapo chama kina uwezo wa kugoma na mwajiri analijua hilo, kisha mwajiri huyo akakubali kufungua vitabu vyake vya hesabu mapema. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, vinavyobaki ni vikao vya chai.

Nianze na muundo, kwa sababu bila muundo mengine hayaeleweki. Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na California peke yake ina karibu 1,000. Wilaya ya shule si wilaya ya utawala kama tuliyoizoea Tanzania. Ni chombo kinachojitegemea, chenye bodi ambayo kwa kawaida huchaguliwa na wakazi, na bodi hiyo ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, inayopitisha bajeti na inayowaajiri walimu. Hakuna tume ya taifa iliyo mwajiri wa wote. Walimu wawili wanaoishi mtaa mmoja wanaweza kuwa na waajiri wawili, mikataba miwili na bima za afya tofauti kabisa.

Katika California, haki ya kujadiliana ilikuja na sheria ya mwaka 1975 iliyopewa jina la Seneta Albert Rodda na kutiwa saini na Gavana Jerry Brown. Kabla ya hapo, sheria ya 1965 iliilazimisha wilaya kukutana na wafanyakazi na kuwasikiliza, lakini haikuilazimisha kufikia mkataba wowote unaoibana. Sheria ya Rodda ilileta majadiliano ya kweli juu ya mishahara, saa za kazi, ukubwa wa madarasa na masharti mengine ya ajira. Pia inawapa wawakilishi wa chama muda wa kutoka kazini bila kukatwa mshahara ili wahudhurie vikao, na inaitaka kila pande iwasilishe mapendekezo yake ya mwanzo katika mkutano wa hadhara wa bodi, wananchi wayasikie na kuyasemea, ndipo milango ifungwe na majadiliano yaanze.

Mambo yakikwama, upande wowote unaweza kuiomba Bodi ya Mahusiano ya Ajira ya Umma ya jimbo itambue kwamba kuna mkwamo. Anatumwa msuluhishi. Akishindwa, linaundwa jopo la watu 3 la kuchunguza ukweli: mmoja wa chama, mmoja wa wilaya, na mwenyekiti asiyeegemea upande. Mapendekezo ya jopo hutangazwa kwa umma lakini hayamfungi mtu. Baada ya hapo wilaya ina ruhusa ya kutekeleza pendekezo lake la mwisho, na chama nacho kina ruhusa ya kugoma.

Utaratibu huo wa kisheria unapunguza fujo, ila una kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba unamtuza anayeficha. Chama kinachotaka 5% hutamka 11%. Wilaya iliyo tayari kutoa 4% hutamka 1%. Kila upande unajua kwamba mwenzake anadanganya, na miezi hupita watu wakishuka na kupanda ngazi ya tarakimu, huku mambo yanayowaumiza watu kila siku, kama vile nani anasimamia watoto wakati wa chakula cha mchana, yakiachwa yatupwe kwenye kikao cha mwisho saa tano ya usiku. Nimeketi katika majadiliano ya namna hiyo. Ni kazi ya kuchosha, na anayeshinda mara nyingi ni yule aliyelala mchana.

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Ninaendelea. Kisa ninachokiona kina mafunzo kuliko vyote ni cha wilaya inayoitwa ABC Unified, katika Kaunti ya Los Angeles, inayohudumia Artesia, Cerritos, Hawaiian Gardens na sehemu za miji jirani. Mwaka 1993 jimbo lilikuwa katika hali ngumu ya fedha, na uongozi wa wilaya ukaamua kuziba pengo kwa kupunguza malipo na bima za afya za walimu huku ukiongeza idadi ya wanafunzi katika madarasa. Walimu waligoma kwa siku 8. Mgomo uliisha, uhasama haukuisha.

Chama hakikurudi nyumbani kusubiri mkataba mwingine. Kilitafuta wagombea wa bodi ya shule wanaoweza kuongea nacho, kikawafanyia kampeni, na uchaguzi baada ya uchaguzi sura za bodi zikabadilika. Mwaka 1999 bodi hiyo ilimwajiri Ron Barnes kuwa msimamizi mkuu, na yeye pamoja na rais wa chama, Laura Rico, wakaanza kukutana mara kwa mara. Naomba wasomaji walitazame jambo hili vizuri: ushirikiano wa ABC haukuzaliwa na roho nzuri ya mtu. Ulizaliwa baada ya chama kuonyesha kwamba kinaweza kufunga shule na kinaweza kuiondoa bodi madarakani.

Kazi yao ya kwanza ya pamoja haikuwa mshahara. Kulikuwa na shule 6 za msingi upande wa kusini wa wilaya, zenye watoto wengi wa familia maskini na wengi wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, ambako walimu walikuwa hawakai: wanapangiwa, wanafanya kazi muda mfupi, wanaomba uhamisho. Wilaya ilikuwa inaangalia alama za kusoma, chama kilikuwa kinaangalia hali ya kazi ya walimu wa huko, na walipokaa pamoja wakakuta wanazungumzia jambo moja. Wakaandaa kwa pamoja mpango wa kufundisha kusoma, mafunzo ya walimu, na njia za kuwavutia walimu kwenda huko na kubaki.

Baadaye waliandika kanuni zao za kufanya kazi pamoja. Zipo za kawaida kama kuheshimiana na kusema ukweli, lakini mbili zina uzito wa pekee kwangu. Moja inasema mkataba ni mali ya pande zote mbili, maana yake msimamizi wa shule hawezi kusema kwamba kifungu fulani ni kifungu cha chama, na mwakilishi wa chama hawezi kukitumia kama fimbo. Nyingine ni ahadi kwamba upande mmoja hautauacha mwingine ushindwe. Ukiwa kiongozi wa chama, ahadi hiyo ya pili ni ngumu kuiuza kwa wanachama, na ndiyo maana ninaithamini.

Karani Mstaafu

Mleta uzi, nimesoma yote kwa utulivu. Nilikuwa katika kamati ya tawi la chama kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nimeona viongozi wetu wakiitwa kwenye semina za ushirikiano, wakalipwa posho, wakarudi wamenyamaza. Swali langu ni moja. Huo ushirikiano unatofautianaje na chama kuwekwa mfukoni na mwajiri? Kama rais wa chama anakunywa kahawa na bosi kila wiki, mwanachama wa kawaida atajuaje kinachozungumzwa hapo?

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo wanachama wetu wanalotuuliza kila mkutano mkuu, na wana haki ya kuliuliza.

Nitakujibu kwa kukuonyesha kikao chenyewe kinavyoendeshwa, kwa sababu tofauti imo kwenye utaratibu kuliko kwenye urafiki wa viongozi. Kwanza, hatukai ng'ambo kwa ng'ambo. Viti vinachanganywa, kwa hiyo mimi naweza kuketi kati ya mkuu wa idara ya rasilimali watu na mkuu wa shule ya kati. Kuna waendesha kikao wawili, mmoja kutoka kila upande. Ukutani yanabandikwa makaratasi makubwa, na kila kinachosemwa kinaandikwa kwa kalamu nene, kila mtu akiona. Jambo moja linachukuliwa kwa wakati mmoja, likianza na historia yake: lilianza lini, limemuumiza nani, tumeshajaribu nini.

Mfano ambao nilikuwepo ulihusu uhamisho wa wasaidizi wa darasa katikati ya mwaka. Kwa utaratibu wa zamani wilaya ingesema ina haki ya kumhamisha mtumishi wakati wowote, chama kingesema mtumishi asihamishwe bila ridhaa yake, na hapo tungekaa hadi mgomo. Badala yake mwendesha kikao aliuliza kila mtu aseme kwa nini jambo hilo linamgusa, na majibu yakaandikwa. Mkuu wa shule alisema anaogopa asubuhi moja kukuta watoto 3 wenye mahitaji makubwa na mtu mmoja wa kuwahudumia, jambo ambalo ni hatari na pia linaweza kumfikisha mahakamani. Mwenzangu mmoja alisema akitoka shuleni anakwenda kwenye kazi ya pili jioni, na shule mpya iliyo mbali itamfanya aikose. Mwalimu wa elimu maalumu aliyealikwa alisema jambo ambalo hakuna aliyekuwa nalo kwenye karatasi yake: kuna mtoto asiyezungumza ambaye ilimchukua nusu mwaka kumzoea msaidizi wake, na msaidizi huyo akiondolewa mtoto anarudi alikotoka.

Hapo karatasi ya sababu ilipojaa, ndipo tulipotafuta njia. Wanaojitolea wahamishwe kwanza, taarifa itolewe mapema kwa maandishi, msaidizi aliyepangiwa mtoto mmoja mahususi aguswe mwisho, na wilaya iwe na kundi dogo la wasaidizi wa akiba kwa ajili ya dharura. Kifungu kikaandikwa na watu wa pande zote mbili wakiwa kwenye kompyuta moja.

Sasa kuhusu mfuko, mzee wangu. Makaratasi yale hupigwa picha na kutumwa kwa wanachama. Mkataba hauwi mkataba mpaka wanachama waupigie kura na bodi iupitishe katika mkutano wa hadhara. Sheria ya California inaitaka wilaya itangaze gharama za makubaliano, za mwaka huu na za miaka inayofuata, kabla bodi haijayapitisha. Kiongozi aliyewekwa mfukoni anaweza kupita kwenye semina ya posho, lakini hapa anasubiriwa na kura ya siri. Na ukiona chama ambacho uongozi wake umeacha kuwapelekea wanachama hesabu, basi hapo wasiwasi wako una msingi, hata kama viti vimechanganywa vizuri kiasi gani.

Mzazi wa Silver Spring

Nimeishi Kaunti ya Montgomery, Maryland, na watoto wangu wamesoma katika shule za umma za huku, kwa hiyo naomba niongeze ya kwetu. Jerry Weast aliongoza wilaya hii kuanzia 1999 hadi 2011, na katika miaka hiyo vyama 3, yaani cha walimu, cha watumishi wasaidizi na cha wakuu wa shule, vilikuwa vikikaa katika vikao vya kutengeneza bajeti yenyewe, siyo kusubiri bajeti ikiisha ndipo vigombanie makombo. Matokeo yake yalionekana uchumi ulipoanguka. Kwa mwaka wa fedha ulioanza Julai 2009, wafanyakazi walikubali kuiacha nyongeza ya 5.3% iliyokuwa tayari imo kwenye mkataba, na wilaya ikaokoa dola milioni 89. Mtu hawezi kuachia nyongeza iliyokwisha andikwa kama haamini hesabu anazoonyeshwa.

Jambo la pili ni tathmini ya walimu. Mpango wao wa walimu kusaidiana na kutathminiana ulifuata mfano ulioanzia Toledo, Ohio, mwaka 1981, chini ya rais wa chama cha huko, Dal Lawrence. Jopo la Montgomery lilikuwa na walimu 8 na wakuu wa shule 8. Mwalimu mgeni au aliyeonekana ana udhaifu anapewa mwalimu mzoefu wa kumsaidia, kisha jopo linaamua abaki au aondoke. Kwa miaka 11 jopo lilipiga kura kuwaachisha kazi walimu 200, na wengine 300 wakaondoka wenyewe. Katika miaka 10 kabla ya mpango huo waliokuwa wameachishwa kazi walikuwa 5. Mzee Karani, chama kilichowekwa mfukoni hakiwezi kufanya hivyo, kwa sababu wanachama wangekipindua; wamekubali kwa kuwa wao wenyewe ndio nusu ya jopo.

Na ushirikiano huo ulikuwa na meno kwa upande wa wilaya pia. Serikali ya Obama ilipotoa fedha za mashindano kwa majimbo kwa sharti kwamba alama za mitihani zitumike kuwatathmini walimu, Montgomery ilikataa kiasi cha dola milioni 12 ili isiuvunje mpango uliokubaliwa na chama.

Mwalimu wa Kakamega

Asanteni. Sisi walimu huku Kenya tuna mwajiri mmoja, Tume ya Huduma ya Walimu (TSC), na vyama vikubwa viwili vya walimu, KNUT na KUPPET. Mwaka 2015 tuligoma kwa muda wa wiki 5 juu ya nyongeza ambayo mahakama ilikuwa imeamuru. Mkataba wetu wa kwanza wa maelewano ulitiwa saini Oktoba 2016 na ukaanza kutekelezwa Julai 2017, kwa thamani ya shilingi bilioni 54. Tulidhani tumevuka. Mwishoni mwa Agosti 2024 walimu wa KUPPET walirudi barabarani wakidai awamu ya pili ya makubaliano ya 2021 hadi 2025, ambayo ilikuwa imeandikwa na kutiwa saini lakini fedha zake hazikutoka kwa wakati. Je, huko kwenu mwajiri akitia saini na fedha zisitoke inakuwaje? Na je, vikao vya namna hii vinawezekana pale ambapo anayeketi mezani siye mwenye ufunguo wa kasha?

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Mwalimu, umegusa penyewe. Swali hilo ndilo linaloamua kama ushirikiano utadumu au utavunjika, na California haina majibu mazuri kama watu wanavyodhani.

Tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 13 mwaka 1978, kodi ya majengo iliyokuwa ikizilisha wilaya ilibanwa, na uamuzi wa fedha ukahamia Sacramento, makao makuu ya jimbo. Tangu 2013 jimbo linagawa fedha kwa kanuni inayotegemea mahudhurio ya wanafunzi, pamoja na nyongeza kwa watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza na walio chini ya malezi ya serikali. Idadi ya watoto ikishuka, kama inavyoshuka katika wilaya nyingi za pwani kwa sababu nyumba ni ghali na vijana wanahama, fedha nazo zinashuka, ilhali jengo linahitaji paa lile lile na basi linapita njia ile ile. Halafu kuna pensheni. Sheria ya 2014 iliamuru mchango wa mwajiri katika mfuko wa pensheni wa walimu uongezwe hatua kwa hatua kutoka 8.25% ya mishahara, na kufikia 2022 ulikuwa 19.10%. Msimamizi mkuu hana mamlaka juu ya namba hizo, na rais wa chama pia hana. Tume yenu inapoisubiri Hazina na ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, hali yake haitofautiani sana na ya bodi yetu inayosubiri bajeti ya gavana.

Hata hivyo kuna tofauti moja ya maana. Kwetu wilaya hairuhusiwi kutia saini kwanza na kutafuta fedha baadaye. Sheria iliyopitishwa mwaka 1991 inaiweka kila wilaya chini ya uangalizi wa ofisi ya elimu ya kaunti, na wilaya lazima ionyeshe kwamba inaweza kuzimudu gharama kwa mwaka huu na miaka miwili inayofuata, pamoja na akiba ya lazima, ambayo kwa wilaya ya ukubwa wa kati ni 3% ya matumizi. Kwa hiyo mgogoro unakuja kabla ya saini, mara chache baada yake.

Katika kikao chetu siku ya hesabu ndiyo siku ndefu kuliko zote. Mkuu wa fedha anafungua jedwali ukutani na kuanza na swali moja: 1% ya nyongeza kwa watumishi wetu ni dola ngapi, ukijumlisha pensheni na kodi zinazofuatana na mshahara? Zaidi ya 80% ya bajeti ya kawaida ya wilaya ni watu, yaani mishahara na marupurupu, kwa hiyo hakuna mahali pengi pa kuficha. Mwaka wa kwanza tulimwalika mhasibu wa chama kutoka makao makuu ya jimbo, naye akaketi na mkuu wa fedha wakilinganisha safu kwa safu. Walitofautiana juu ya makadirio ya mahudhurio na juu ya nafasi za kazi ambazo zilikuwa kwenye bajeti lakini hazijajazwa. Nafasi hizo tupu ndizo zilizotupatia sehemu kubwa ya nyongeza yetu, kwa sababu kila mwaka zilikuwa zinabaki bila mtu na fedha zake zinamezwa na akiba. Kwa majadiliano ya zamani tungezijua baada ya jopo la kuchunguza ukweli, labda.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Hesabu za wazi hazizuii mgomo kama pande mbili zinasoma hesabu moja kwa macho tofauti. Januari 2019 walimu wa Los Angeles, zaidi ya 30,000, waligoma kwa siku 6 za masomo, mgomo wao wa kwanza katika miaka 30. Wilaya ilisema akiba yake itakwisha, chama kikasema akiba hiyo hutabiriwa kwisha kila mwaka na kila mwaka inaongezeka. Nyongeza ya 6% haikuwa kiini cha ugomvi. Walipata pia madarasa madogo na muuguzi wa kudumu katika kila shule, baada ya Meya Eric Garcetti kuwakutanisha. Mwezi uliofuata Oakland wakagoma kwa siku 7.

Na mwaka 2023 ilikuwa zamu ya watu wa kada yangu. Chama cha SEIU Local 99, chenye wafanyakazi wapatao 30,000 wa wilaya hiyo ya Los Angeles, waligoma kwa siku 3 mwezi Machi, na walimu wakakataa kuvuka mstari wa wagomaji kuingia kazini. Mapato yao ya wastani yalikuwa kama dola 25,000 kwa mwaka, katika jiji ambalo kodi ya chumba peke yake inaweza kula zaidi ya nusu ya hizo. Walipata nyongeza ya 30%. Mtu akiniambia kwamba watu wale wangekaa kwenye viti vilivyochanganywa wakaandika sababu zao ukutani, nitamwambia kwamba tofauti kati ya 30% na kile walichokuwa wanapewa hapo awali haikupatikana kwa kalamu nene.

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Sasa nimekuelewa zaidi kuliko nilivyokuelewa mwanzoni. Nakubali juu ya kura ya siri. Bado nina shaka juu ya jambo moja: kuna ushahidi wowote kwamba watoto wanafaidika, au ni watu wazima tu wanaopata amani ofisini?

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Upo, mzee wangu. Saul Rubinstein wa Chuo Kikuu cha Rutgers na mwenzake John McCarthy walizifuatilia wilaya kadhaa zenye ushirikiano wa muda mrefu, ikiwemo ABC na Toledo. Baadaye, katika utafiti wao wa shule 30 za wilaya moja ya California uliotolewa 2014, waliona kwamba pale ambapo ushirikiano kati ya mkuu wa shule na walimu ulikuwa imara, watu waliwasiliana mara nyingi zaidi na kwa njia zisizo rasmi, na matokeo ya wanafunzi yaliboreka zaidi, hata baada ya kuzingatia umaskini wa familia. Zingatia kwamba wilaya ilikuwa moja na mkataba ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni shule na shule. Mkataba uliosainiwa makao makuu haushuki wenyewe hadi kwenye chumba cha walimu.

Mzazi wa Silver Spring

Na kule ambako sheria inakataza majadiliano kabisa?

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Hali inatofautiana. North Carolina inapiga marufuku mikataba ya pamoja kwa watumishi wa umma tangu 1959. Wisconsin, ambayo ilikuwa jimbo la kwanza kuwapa watumishi wa serikali za mitaa haki hiyo mnamo 1959, mwaka 2011 ilipitisha Sheria namba 10 iliyowaachia walimu wajadili mshahara wa msingi tu, tena usiozidi mfumuko wa bei bila kura ya wananchi. Lakini Norfolk, Virginia, ilikuwa miongoni mwa wilaya ambazo Rubinstein alizichunguza, na wakati huo Virginia haikuruhusu majadiliano ya pamoja; ruhusa ilianza Mei 2021. Walishirikiana kwenye mitaala na mafunzo bila mkataba. Maoni yangu ni kwamba ushirikiano wa namna hiyo unategemea hisani ya msimamizi mkuu aliyepo, na hisani haina kifungu cha kuidai.

Mwalimu wa Kakamega

Hilo la hisani ndilo linalonisumbua. Huyo msimamizi mkuu wa ABC alipoondoka, mambo hayakurudi nyuma?

Msaidizi wa Darasa (mleta uzi)

Hayakurudi, na sababu yake inafaa kuigwa hata na tume ya taifa nzima. Barnes aliondoka na mwaka 2005 Gary Smuts akashika nafasi yake, mtu aliyekuwa ndani ya wilaya hiyo na aliyezoea namna ya kufanya kazi na chama. Yeye na Rico waliendelea kukutana kila wiki. Zaidi ya hapo, walikuwa wameshaugawa ushirikiano kwa watu wa chini: naibu wa msimamizi mkuu anakutana na makamu wa rais wa chama, na mkuu wa kila shule anakutana na mwakilishi wa chama wa shule hiyo. Kila mwaka hukaa pamoja katika kikao kirefu mbali na kazi za kila siku, ambapo wakuu wa shule na wawakilishi wapya hufundishwa mambo hayo wakiwa pamoja katika chumba kimoja.

Wilaya yangu imeiga hilo la mwisho. Mwakilishi mpya wa chama na mkuu mpya wa shule hupelekwa mafunzo siku moja, huketi meza moja, na hupewa bajeti ya shule yao waisome wote wawili kabla ya chakula cha mchana. Msimamizi mkuu aliyetuanzishia mpango huo alishahamia wilaya nyingine, na mafunzo ya Agosti yaliendelea kama yalivyopangwa, kwa sababu tarehe yake imo ndani ya mkataba.